Maganda ya Ghorofani

Kwetu ganda la ndizi halitupwi. Ukishamenya, unakunja jani la kumenyea pamoja na vilivyomo, unatokea mlango wa nyuma, unamwaga kwenye shina la mgomba. Mgomba umekulisha, nawe unaulisha. Mama mkwe wangu alinikuta mara moja nimeacha maganda yakauke kando ya mafiga, nikiwa bibi harusi wa wiki mbili. Hakunipiga. Aliniuliza tu, mbele ya wageni, kama kwetu tulikuwa tunakula nyasi.

Kwa hiyo siku niliyohamia kwa binti yangu mjini Bukoba, ghorofa ya tatu, nikamwona anachukua maganda ya ndizi nilizozibeba mwenyewe kutoka kibanjani kwangu, shamba langu la migomba kule Izigo, wilaya ya Muleba, anayasukumia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kopo la maziwa na betri za rimoti, nilisimama.

"Yanakwenda wapi hayo?"

"Chini, mama."

"Chini wapi?"

"Chini tu. Kuna mahali."

Nilishuka ngazi na magoti yangu mabovu kwenda kupaona hapo mahali. Ni nyuma ya jengo, kati ya ukuta na mtaro. Lundo lilikuwa limenifika kifuani. Juu yake walisimama korongo wanne, wale wenye vipara na mfuko unaoning'inia shingoni, wametulia kama watu wanaosubiri mgonjwa afe wagawane vyombo. Chini ya lundo yalitoka maji meusi yakiingia mtaroni, na mtaro ule unateremka hadi mto Kanoni, na Kanoni inaingia ziwani, na maji ya ziwa tunayanywa. Mlinzi aliniambia gari la taka huja likipenda. Mvua ikiwahi, inabeba mvua.

Lakini sitasema uongo. Sikuumia kwa sababu ya ziwa. Niliumia kwa sababu ya maganda. Milango minane, karibu kila mlango unapika ndizi, na chakula chote kile cha migomba kinaliwa na korongo.

Mume wangu alipofariki, mdogo wake, shemeji yangu ambaye kibanja chake kinapakana na changu, alisimama siku ya kumaliza matanga akasema mbele ya watu: "Shemeji, kibanja ni chako maadamu unakitunza. Kikianza kuwa pori, ukoo utakaa." Alisema kwa heshima, lakini nilimwelewa. Kwetu ukoo ukikaa kuzungumza kibanja cha mjane, mjane anaanza kufunga mizigo. Na ndani ya kibanja kile amelala mume wangu, hatua kumi kutoka mlango wa nyuma, chini ya migomba ya aina ya nshakara iliyopandwa na mama yake. Kitovu cha mjukuu wangu kimefukiwa pale. Mimi mwenyewe nimekwisha kuchagua mahali pangu, kushoto kwa mume wangu, kama tulivyokuwa tukilala.

Sikuondoka pale kwa kupenda. Binti yangu ni muuguzi, anaingia zamu, mtoto alikuwa mdogo, na magoti yangu yalishakataa kupanda rweya, kule nyikani tunakokata nyasi za kutandaza kibanjani. Nyumba nilimwachia wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Ni mwaminifu, lakini mgongo wake umepinda, naye nyasi hawezi kubeba. Kibanja kikaanza kuonyesha njaa. Mikungu ikawa midogo, ya aibu. Kila nilipokwenda kuangalia nilimkuta shemeji yangu amesimama mpakani, mikono nyuma, anatazama.

"Migomba imekonda, shemeji," aliniambia siku moja.

"Hata wewe umekonda, na hakuna aliyeitisha kikao."

Alicheka. Mimi nilirudi mjini na neno lake tumboni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilianza kugonga milango ya ghorofa. Sikuvuka darasa la nne, lakini kuongea sikufundishwa na mwalimu. Nilisema: pipa la bluu chini ya ngazi ni la maganda na mabaki ya jikoni tu. Kiroba cheupe pembeni yake ni cha chupa za plastiki na makopo, watakuja kuyachukua wale akina mama wanaookota. Kinachobaki ndicho taka, kipelekeni mnakopeleka. Pipa nilipewa na mlinzi, lilikuwa la rangi. Nililisugua kwa mchanga siku mbili.

Mlango wa kwanza chini alikaa mama wa samaki. Huyu anapokea dagaa na sangara kutoka visiwani, Bumbire na kwingine, si Mhaya, na ulimi wake ni wembe. Alinisikiliza ameuzuia mlango kwa mguu.

"Bibi, kwa hiyo umetoka Muleba kuja kutufundisha kutupa taka?"

"Nimekuja kuwafundisha kutotupa."

"Humu ndani hatuli ndizi. Tunakula ugali na samaki. Matumbo ya samaki niyaweke wapi?"

"Kwenye maganda. Migomba inayapenda."

"Mae! Basi migomba yako haichagui kama watoto wangu." Lile "mae" alilisema kwa kuniigiza Kihaya changu, kisha akafunga mlango. Kesho yake matumbo yalikuwa ndani ya pipa, na nailoni yake yalimokuja pia ilikuwamo.

Mwalimu wa ghorofa ya pili alinipa kiti. Akanieleza habari za mazingira kwa Kiswahili na Kiingereza mpaka chai ikapoa, akakubali kila nililosema. Wiki hiyo hiyo nikakuta pampasi ya mtoto wake katikati ya maganda, imefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Niliichukua kwa vidole viwili, nikapanda nayo, nikaiweka juu ya zulia la mlangoni pake, nikagonga.

"Bibi! Hii ni nini?"

"Umesahau mzigo wako, mwalimu."

"Lakini bibi, huu si ustaarabu."

"Ndiyo maana nimeurudisha."

Jengo zima lilisikia. Binti yangu alishuka ngazi ameinama siku tatu. "Mama, hawa ni majirani zangu. Wewe utarudi Izigo, mimi nitabaki nao," alisema. Nilimwambia abaki nao salama, na abaki nao wasafi. Pampasi haikuonekana tena.

Kila asubuhi nilikaa na kigoda changu chini ya ngazi. Watoto walielewa kabla ya wazazi wao. Mjukuu wangu, wakati huo hajaanza shule, alisimama kando ya pipa akipokea kama karani wa kahawa anayekagua magunia: "Hili siyo ganda! Rudi nalo!" Watu wazima na vyeo vyao walirudi nalo. Msimu wa senene ulipofika, mabawa na miguu ya senene vilijaa mpaka pipa likanuka mafuta, nikafurahi, maana hiyo ni mbolea nzuri. Baada ya miezi michache lundo la nyuma lilishuka hadi magotini. Korongo wawili wakahama. Akina mama wa chupa hawakuchimba tena kwenye uchafu. Walikuta kiroba kimefungwa, na mmoja wao alinipigia goti kunishukuru, "Kasinge, mama," nikajiona mtu. Watu wa jengo la pili walikuja kuangalia. Mwenyekiti wa mtaa naye akaja, akavua kofia mbele ya pipa langu. Nilijisikia. Kwa nini nisijisikie? Maisha yangu yote hakuna mwenyekiti aliyewahi kunivulia kofia.

Kila baada ya wiki mbili nilijaza viroba vitatu au vinne, mlinzi akanisaidia kuvifikisha stendi, nikapanda gari la Muleba.

"Bibi, humu umebeba nini? Kunanuka," konda aliniuliza safari ya kwanza.

"Chakula."

"Cha nani?"

"Cha waliokulea. Pandisha."

"Abiria watasema nimebeba maiti, bibi."

"Waambie ni ndugu yangu, naenda kumzika. Pandisha."

Alipandisha. Safari za baadaye alikuwa ananiona mbali akaita, "Mama marehemu huyo anakuja! Mpisheni na ndugu yake!" na gari zima likacheka, nami nikacheka nao.

Izigo nilimwaga maganda kuanzia kaburi la mume wangu, nikasogea nje. Watu wa mjini hutupa pia ule mti wa katikati wa mkungu, ndizi zikishaondolewa, mzima mzima na utomvu wake. Miti hiyo niliikatakata kwa panga la mume wangu ili ioze haraka. Nikimaliza, kwa panga hilo hilo nilipita mgomba kwa mgomba, nikitoa majani makavu na machipukizi yaliyozidi, mpaka mwisho wa kibanja. Wifi yangu alinifuata nyuma akiokota majani na kunisifu. Nilifanya hivyo kila safari.

Migomba ikaitika. Majani yakawa meusi kwa afya, mashina yakanenepa. Siku moja shemeji yangu alivuka mpaka, jambo ambalo alikuwa hafanyi bila kuitwa.

"Shemeji, migomba hii umeipa nini?"

"Maganda ya Bukoba."

"Waitu," aliniomba, "nami nigawie."

Nilimpa viroba viwili. Sikumpa kwa wema. Nilitaka kila akitazama migomba yake anikumbuke, na neno lake la matanga limrudi kooni.

Wifi yangu ndiye aliyenipigia simu kunionya. Alisema bwana shamba ameita mkutano, amesema kuna mnyauko unakuja, umeshaingia vijiji vya jirani, mtu asilete kitu chochote cha mgomba kutoka nje, si mbegu, si jani, si ganda, na kila panga lipitishwe motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine.

"Huyo bwana shamba ana umri gani?" nilimuuliza.

"Kijana."

"Mwambie mimi nilikuwa napogoa migomba kabla mama yake hajaolewa. Panga nilipitishe motoni, kwani nachoma nyama?"

Wifi alicheka. Mimi nilicheka zaidi. Kicheko kile nakikumbuka vizuri kuliko sauti ya mume wangu.

Na si kwamba sikuona. Niliona. Wiki moja baada ya simu ile nilikuta ndani ya pipa ndizi nyingi hazijamenywa, nyingine mbichi nyingine mbivu kwenye mkono mmoja, na zile zilizopasuka zilikuwa na moyo wa kahawia kama kitu kilichoungua kwa ndani. Nilizishika, nikazinusa. Nikamwambia mjukuu wangu, "Angalia ndizi za watu wavivu. Hawa hawajui kulisha kibanja." Nikazitia kwenye kiroba. Bibi mwenye migomba, aliyezaliwa kwenye migomba, nilishika ugonjwa kwa mkono wangu nikauita uvivu.

Masika yalikuwa yamepamba moto wifi aliponipigia tena. Ilikuwa mchana, nachambua chupa.

"Wifi, kuna mgomba umenyauka."

"Jua hilo."

"Jua lipi? Mvua haijakatika wiki nzima."

"Ni upi?"

"Ule wa karibu na kaka."

Nilikwenda siku ile ile, bila viroba. Konda aliniuliza leo ndugu yuko wapi, nikampa nauli, akaelewa akaacha. Mgomba ule majani yake ya katikati yalikuwa ya njano, yamevunjika shingo, yananing'inia. Wa pili yake ulikuwa na mkungu. Baadhi ya ndizi zilikuwa zimeiva wakati wenzake bado ni vidole vya mtoto. Nilikata shina. Nikangoja. Yakatoka maji mazito, ya njano. Nimezalisha wanawake, nimeuguza, nimeosha maiti. Usaha naujua.

Bwana shamba alikuja kesho yake na buti zake za mvua. Kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akachoma kisu chake kwa kiberiti kabla ya kukata chochote, akakata, akatazama, akatikisa kichwa. Kisha akafungua daftari.

"Mama, kuna kitu chochote cha mgomba kilichoingia humu kutoka nje? Mbegu, majani, maganda?"

Wifi yangu alitazama miguu yake mwenyewe.

"Nyuki wanaingia kila siku," nilisema. "Tutawazuia?"

"Ni kweli, mama. Hata nyuki wanaleta," alisema, akaandika nyuki.

Sikumdanganya. Nilijibu swali ambalo hakuuliza. Lakini alipoliona panga limechomekwa kwenye dari la jiko aliuliza kama ndilo la kupogolea, na kama linapitishwa motoni, nikasema panga la mume wangu halijawahi kuona moto. Hakunikaripia. Angenikaripia ningepata mahali pa kushika.

Tulitembea kibanja kizima. Alikuwa anafunga kitambaa chekundu kwenye kila shina lililougua. Alipomaliza nilisimama mlangoni nikavitazama vile vitambaa, nikaiona njia yangu. Vilianza kaburini, vikaenda kulia, vikapinda kwenye mbuni wa zamani, ule mti wa kahawa ninapopumzikaga, vikashuka hadi mwisho. Mgomba kwa mgomba. Nyuki haendi hivyo. Nyuki hapumziki kwenye mbuni.

Nikamwita kabla hajapanda pikipiki.

"Fungua daftari lako. Futa nyuki. Andika maganda kutoka mjini, andika na panga la mwenye kibanja."

"Tulisema mkutanoni, mama," alisema polepole.

"Najua. Niliambiwa. Nilicheka."

Tuling'oa siku nne. Wanawake wa jirani walikuja na majembe kama wanavyokuja msibani, kila mmoja na kanga yake kiunoni, hakuna aliyeimba. Ile isiyo na kitambaa nayo ikaanza kulegea tukiwa bado tunafukia yenye kitambaa, ikabidi yote ilale. Nshakara za mama mkwe wangu nilizing'oa mwenyewe, sikutaka mtu mwingine azishike. Zilikuwa na mizizi mingi. Mwanamke mmoja aliniambia, "Pumzika, mama, usije ukaanguka." Nilimwambia nimekwisha kuanguka, sasa nachimba.

Tulipomaliza, nyumba ikaonekana kutoka barabarani. Tangu nimeolewa pale, nyumba ile haikuwahi kuonekana barabarani. Ulikuwa unaingia kwenye migomba kama unaingia chumbani, kuna kivuli, kuna ubaridi, ndipo unaona ukuta. Sasa watu wanaopita Izigo kwenda Muleba mjini wanaona mpaka jiko langu. Na kaburi la mume wangu liko juani. Alikuwa mtu asiyependa jua. Alikuwa akitoka kanisani anapita pembeni, chini ya majani, hata kama njia ni ndefu.

Jioni ya siku ya nne shemeji yangu alivuka mpaka. Wifi alimpa kigoda. Hakukaa.

"Changu nacho kimeanza," alisema.

"Upande gani?"

"Nilikomwaga vile viroba."

Nilikuwa na udongo mpaka viwikoni. Nilisema, "Shemeji, ni maganda yangu. Bwana shamba alikataza, wifi akaniambia, nikaona mimi ndiye bwana shamba. Hilo ndilo lililotokea."

Sasa akakaa. Aliokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo.

"Niliyaomba mwenyewe," alisema.

"Uliomba chakula. Nikakupa kidonda."

Nikamuuliza lile nililokuwa nalibeba tangu matanga. "Ukoo utakaa lini?"

Aliinua macho akatazama ule udongo mtupu, wangu, na nyuma yake wa kwake ambao ulikuwa bado na majani, majani yenye shingo zilizovunjika.

"Ukae ugawane nini, shemeji?"

Aliomba maji, akanywa, akarudi kwake. Tangu siku hiyo hasimami tena mpakani na mikono yake nyuma. Natamani angesimama.

Bwana shamba alisema tukae msimu mzima na zaidi bila mgomba, tupande maharage na mahindi, kisha tutafute mbegu safi. Wifi yangu anapanda maharage. Mtu mwenye miaka yangu anaambiwa asubiri mgomba uoteshwe, ukue, uzae, uwe kivuli, naye anaitika, "Sawa mwanangu." Mahali pangu kushoto kwa mume wangu pana safu za maharage sasa.

Niliporudi ghorofani pipa lilikuwa limefurika. Hawakujua. Walikuwa wamelijaza kwa bidii, wamesafisha hata mfuniko. Mama wa samaki alinipokea mzigo chini ya ngazi.

"Pole na safari, bibi. Maganda yako yamefika shingoni, tumekusubiri kama tunasubiri meli."

Nilikaa kwenye ngazi ya kwanza nikamwambia. Mwalimu alikuwa anapanda, akasimama. Wengine wakatoka. Niliwaambia yote, na ndizi za moyo wa kahawia nikazitaja.

"Kwa hiyo sisi ndiyo tumeua shamba lako?" aliuliza mama wa samaki. Ulimi wake siku hiyo haukuwa na makali.

"Nimeua mimi. Ninyi mlikula tu."

"Basi tutupe nyuma kama zamani?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Ningesema ndiyo, wangetupa; wengine walikuwa wanangoja tu ruhusa. Nilifikiria wale korongo wawili waliobaki kule nyuma.

"Nani amesema mtupe?" nilisema. "Mimi ndiye nimekosea pa kupeleka. Pipa halijakosea."

Mlinzi alichimba shimo kando ya ukuta, mahali ambapo mgomba haujawahi kuota wala hautaota, maana chini ni kokoto na mabaki ya saruji. Maganda yanaozea hapo, na mama wa samaki amepanda mchicha juu ya shimo la kwanza lililojaa. Juu ya pipa niliandika kwa brashi MAGANDA YASIENDE KIBANJANI. Mwalimu alijitolea kuliandika kwa herufi nzuri. Nilikataa. Nilitaka liandikwe na mkono ule ule uliobeba viroba. Mtu wa jengo la pili alinipongeza juzi, akasema sasa na wao wanatenganisha, na kwamba mimi ni mfano. Nilimuuliza maganda yao wanapeleka wapi. Akasema kuna mzee wa kijiji cha Kaagya anayapenda sana, ana kibanja kikubwa. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kigoda changu, na sikumwachia mpaka alipompigia huyo mzee simu mbele yangu. Nilimsikia mzee akicheka upande wa pili. Nikaomba simu niongee naye mwenyewe. Alicheka tena. Alisema alizaliwa kwenye migomba.

Mwaka huu ndiyo nimenunua ndizi sokoni kwa mara ya kwanza. Muuzaji aliniuliza natoka wapi, nikasema Izigo. "Izigo mnanunua ndizi?" alishangaa, akamgeukia mwenzake amwambie kwa Kihaya, akidhani sitasikia. Niliinua mkono wa ndizi nikaugeuza.

Nyumbani, kabla ya kumenya, nakata ndizi moja katikati na kuangalia moyo wake. Mjukuu wangu sasa yuko shule, anajua kusoma maandishi yangu ya pipani, ananisahihisha.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama ni mzima."

"Ni mzima?"

"Leo ni mzima."

Namenya, maganda yanaanguka kwenye jani, nalikunja jani, nasimama. Kila mara miguu inageuka upande ule ule kutafuta mlango wa nyuma. Ghorofa ya tatu haina mlango wa nyuma. Nashika ukuta, nashuka ngazi.